Nirudishie Ulichosikia

Kwa ndugu yangu mpenzi, mama yake Chiriku,

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake zikufikie wewe, shemeji, na wote mlalao chini ya dari moja. Natumai mgongo wako umepata nafuu, na kwamba shemeji ameacha kupanda juu ya paa mwenyewe kana kwamba mafundi wameisha duniani. Mimi ni mzima, namshukuru Mola, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hayaitiki mpaka niyaite mara ya pili. Binti yako ni mzima wa mwili. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa najua ndilo utakalolitafuta kabla hujakaa kitako, nami sipendi haya yanayofuata uyasome umesimama.

Barua yako ilinifika. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli hayo yasemwayo juu ya mtoto, na ni lini atarudi nyumbani, maana umekwisha kuamua kwamba kalamu imemponza na sasa aje ajifunze kazi isiyodhuru watu. Sikukujibu upesi, na uliniudhikia kwa hilo, kama nilivyoona katika barua yako ya pili, ambayo haikuwa hata na salamu. Niwie radhi. Nilikuwa na sababu ya kuchelewa, nayo utaikuta ukifika mwisho.

Unajua kwamba nimefundisha uandishi katika chuo hiki tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nilipotoka kwenye vitabu vya dini na kuingia hapa, niliona kwamba mimi na wewe tulilelewa katika kupokea: mwalimu anasema, mwanafunzi anahifadhi. Vijana wa hapa nao walikuja na tabia hiyohiyo, ila walichokihifadhi kilikuwa cha magazetini. Kilichopigwa chapa kilikuwa kweli kwao. Nikaona ni wajibu wangu kuwatoa huko. Nikaanzisha darasani desturi ambayo wao wenyewe waliipa jina la Kinu. Mwanafunzi anaweka mezani andiko lolote, liwe hotuba ya kiongozi, tangazo, au insha yake mwenyewe, na wenzake wanaliuliza maswali matatu: nani anasema, nani ananufaika, na kipi kimeachwa. Andiko huingia likiwa punje, na likitoka ni unga.

Sikufichi kwamba Kinu kilinifurahisha. Mtoto aliyekuja chuoni akiogopa hata karatasi yenye mhuri, baada ya muhula mmoja alikuwa akiishika hotuba ya mkubwa kwa sikio, kama mama amshikavyo mwana mtundu. Na katika wote, Chiriku alitwanga kuliko wote. Wewe ndiye uliyempa jina hilo kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa, basi usishangae. Kuna kijana mmoja tunayemwita Bwana Hata Hivyo, kwa kuwa hawezi kuanza sentensi bila maneno hayo mawili, naye alikuwa akimwambia kwamba akiolewa atamhakiki hata mshenga. Chiriku alimjibu kwamba mshenga wa kijana mwenyewe hatakuwa na cha kuhakikiwa, kwa sababu kijana hatapata pa kumtuma.

Ndipo ikaja mvua ambayo wazee wa hapa wanasema hawajaiona. Walimu wanaokaa ng'ambo ya daraja walikoma kuja. Umeme ulikuwa ukija kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Tulifundisha waliopo, kwa chaki iliyolowa, huku kila mtu akitega sikio nje. Siku moja manispaa wakabandika tangazo katika mtaa wa bondeni, ule ulio nyuma ya chuo, ambako wanafunzi wengi wamepanga. Huko ndiko Chiriku alikokuwa akikaa, katika chumba cha uani nyumbani kwa Fundi Redio na mkewe. Nilikwisha kukuandikia habari za watu hao: yule mzee mwenye mguu uliopooza, aliyekuwa akisoma kila kitu mpaka maneno yaliyo kwenye betri, na mkewe anayeshona vitambaa vya meza.

Tangazo lenyewe nalikumbuka neno kwa neno. Lilisema kwamba wakazi wa maeneo yaliyoainishwa wanaelekezwa kuhama mara moja hadi watakapotaarifiwa vinginevyo, na kwamba atakayekaidi atachukuliwa hatua. Mwisho. Halikutaja mto. Halikutaja wahamie wapi. Chini yake palikuwa na mhuri, na mhuri hauna mdomo wa kuulizwa. Tena ujue kwamba mwaka mzima uliotangulia walikuwa wakija wapima ardhi katika mtaa ule, wanachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu, na wakiulizwa wanasema wametumwa tu. Kila mtu alijua kuna tajiri anayetaka kujenga maghala pale.

Chiriku akalibandua tangazo moja, akaja nalo darasani, tukaliingiza kinuni. Nani anasema? Hakuna jina. Nani ananufaika? Wakakumbuka vigingi. Kipi kimeachwa? Bwana Hata Hivyo akasema kwamba hata hivyo ingekuwa rahisi zaidi kuorodhesha kilichowekwa. Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Nikawaambia wameuliza vyema. Kengele ikalia, kila mmoja akashika njia yake.

Jioni ile binti yako akaandika tangazo lake. Alilitia saini kwa jina lake kamili, kwa sababu nimewafundisha kwamba andiko lisilo na mwenyewe ni jiwe lililorushwa kutoka nyuma ya ukuta. Aliwaambia wakazi wasitoke katika nyumba zao mpaka manispaa waseme kwa nini, kwa muda gani, na wahamie wapi. Akataja vigingi. Akataja maghala. Alibandika nakala moja penye maingilio ya mtaa, nyingine kwenye bomba la maji, nyingine mlangoni pa duka. Asubuhi yake nilipita pale nikitoka msikitini, nikalisoma nimesimama kwenye matope. Ndugu yangu, lilikuwa limeandikwa vizuri. Kila sentensi ilishika mkono wa mwenzake. Nilikwenda zangu kazini moyo wangu umetulia.

Watu waliokwisha kufunga mizigo wakaifungua. Fundi Redio alikuwa amezifunga redio za wateja katika mashuka na kuzipanga juu ya mkokoteni wa jirani. Mkewe anasema mumewe alilisoma tangazo la Chiriku mara mbili, akakunja miwani yake, akasema kwamba huyu mtoto wa nyumbani kwetu amesomea mambo haya. Kisha akaanza kufungua mafundo.

Maji yalikuja kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Hayakuja kwa kishindo. Yalitokea chini, kwenye mitaro kwanza, kisha vyooni, kisha barabara yenyewe ikaanza kwenda. Wengi walitoka wakiwa wamebeba watoto mabegani. Fundi Redio alitolewa mara ya kwanza, akarudi ndani, kwa kuwa redio zile hazikuwa zake, zilikuwa amana. Majirani walimvuta juu ya ukuta. Chiriku alikuwa mmoja wa waliomshika miguu, nami nataka ulijue hilo, kwa kuwa wanaokuletea habari huko hawalisemi. Mzee alikufa hospitalini baada ya siku chache, maji yameharibu kifua. Sisi ni wa Mungu, na kwake ndiko marejeo yetu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, jibu lake ni ndiyo.

Baraza la chuo lilikutana katika maktaba, kwa kuwa kumbi nyingine zote zilikuwa na watu waliokimbia maji. Mimi niliomba nisihesabiwe miongoni mwa waamuzi, maana mtu hapimi nyama ya nduguye kwa mizani yake. Nikaketi upande wa wanaoulizwa. Mkuu wa chuo ni mtu mwenye adabu, na alisema bila ukali. Alisema kwamba wakati wa raha watu wafundishwe kuhoji, na wakati wa shida wafundishwe kutii. Kwamba Kinu kifungwe, na mimi nifundishe barua za maombi ya kazi, mihtasari ya mikutano na mahali pa kuweka nukta. Mwalimu wa takwimu, ambaye hajawahi kukubaliana na mkuu hata juu ya hali ya hewa, alisimama akasema kinyume chake. Lawama yote ni ya manispaa, alisema, na msichana huyu anastahili shukrani kwa ujasiri wake.

Niliwasikiliza wote wawili, na hakuna aliyenituliza. Manispaa waliandika kama watu wanaozungumza na mbuzi. Kama si maswali yale, nani angewauliza juu ya vigingi? Lakini pia kuna mtu aliyefungua mafundo ya mashuka kwa sababu ya sentensi nzuri. Nilipoulizwa kama Kinu kifungwe, nilisema kwamba nimewafundisha vijana hawa kulipasua neno la mtu mwingine, na sikuwafundisha kulibeba neno lao wenyewe mpaka mahali linapofika na kutazama limemfanya nini aliyelipokea. Mkuu aliandika jambo fulani, akaniuliza kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Nikamwambia bado najifunza.

Baraza likaamua kwamba Chiriku asiingie madarasa ya kawaida mpaka mwisho wa muhula. Wakati huo watakutana tena, watamsikiliza mjane wa Fundi Redio, kisha ndipo waamue kumrudisha au kumwondoa. Mimi niliruhusiwa kuendelea na uandishi, kwa sharti kwamba uwe na faida kwa hali iliyopo. Nikawaomba basi darasa langu lihamie kwenye ukumbi wa mitihani, wanakokaa waliokimbia maji.

Ukiuona ukumbi huo leo hutauamini. Madawati ya mitihani yamesimamishwa kwa ubavu na kufanywa kuta za vyumba, na namba za watahiniwa bado zimebandikwa juu yake, hivyo watu wanaulizana, wewe unakaa namba ngapi. Kamba za nguo zimevuka juu ya jukwaa la msimamizi. Ubao uliokuwa ukiandikwa saa ya kuanza na saa ya kumaliza sasa una matangazo: maji, dawa, vyoo, zamu za kupika. Matangazo hayo yalikuwa yakiandikwa na kila aliyepata chaki, na watu hawakuyafuata. Wauguzi walikuwa wamechoka kupiga kelele.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba. Wewe unakumbuka jinsi alivyokuwa akitutuma. Hatukuruhusiwa kuvuka kizingiti mpaka tumwambie ujumbe wake kwa maneno yetu. "Nirudishie," alikuwa akisema, na ukikosea, hakukukemea. Aliuanza upya, kwa maneno mengine, kana kwamba kosa ni lake. Wewe ndiwe uliyetuletea sheria hiyo, usijifanye umesahau. Ulitumwa kwa jirani kumwambia kwamba baba atakwenda kula kwake baada ya sala, ukamwambia jirani aje kwetu na watu wake wote, na mama akaongeza maji katika sufuria mpaka mchuzi ukawa unaonekana chini. Hata kwa mwalimu wetu wa dini ilikuwa hivyohivyo: hukuruhusiwa kufundisha kitabu mpaka umekisoma mbele ya yule uliyekipokea kwake, naye akakisikia kutoka kinywani mwako. Niliyaacha hayo nilipokuja hapa. Niliyahesabu kuwa mambo ya kukariri, ya watu wasiohoji.

Basi nikawawekea wanafunzi sharti. Andiko lolote kabla halijapanda ukutani lisomwe kwa mtu linayemhusu, na mtu huyo alirudishe kwa maneno yake. Kilichorudi kikiwa tofauti na kilichokwenda, anayerudi mezani ni mwandishi. Wakanung'unika. Bwana Hata Hivyo alisema kwamba hata hivyo hii ni kazi ya watoto wanaotumwa chumvi. Nikampa tangazo la choo. Aliandika kwamba choo cha kushoto hakitumiki. Akalisoma mbele ya mzee mmoja, na mzee akauliza kushoto kwa nani, kwa anayeingia au kwa anayetoka, maana yeye akiingia huwa na haraka. Kijana akarudi mezani. Mwingine aliandika kwamba inashauriwa maji ya kunywa yachemshwe ipasavyo. Mama mwenye mtoto mgongoni akamrudishia hivi: "Kuna mtu ambaye hataki kujitaja ananishauri nichemshe maji, mpaka lini sijui, labda mpaka yaombe radhi." Tangazo hilo liliandikwa upya mara nyingi kuliko shairi lolote nililowahi kusahihisha.

Usidhani nimekivunja Kinu. Maswali matatu bado yanaulizwa, na watu wa ukumbini wameyapenda. Wao wenyewe, kwa mikono ya wanafunzi, wamewaandikia manispaa kuuliza habari za vigingi, na majibu yamekuja yakiwa na jina la mtu chini yake. Majibu hayatoshi, ila sasa kuna wa kumrudia.

Nije kwa binti yako. Siku za mwanzo alikuja ukumbini, hakugusa kalamu. Alifagia. Aliosha vikombe, akavipanga, akaviosha tena. Wenzake walipomwita mezani alisema mikono yake ina maji. Mjane wa Fundi Redio anakaa palepale, katika chumba cha madawati kilicho karibu na mlango, na Chiriku alikuwa akizunguka ukumbi mzima asipite hapo. Mjane alimtazama hivyo kwa muda. Kisha siku moja akamwita mbele za watu, akamuuliza mtu ajuaye kuandika anafagia nini, wakati wenye kujua kufagia wamejaa humu. Akamwambia amsomee karatasi ya dawa za kifua za mjukuu wake, kwa kuwa miwani yake ilikwenda na maji. Chiriku akasoma. Mjane akamrudishia. Wakaendelea hivyo kila asubuhi, na kwa karatasi za majirani pia, mpaka ikawa tangazo lisilopita kwa mjane huyo halipandi ukutani. Mimi nilipoona hivyo nikasema moyoni kwamba jambo limeanza kupona, na nikakaa kukuandikia.

Niliandika barua ya kwanza ya kukujibu, ambayo hukuipata. Ilikuwa fupi kuliko hii, na ya kufariji. Nilipoimaliza nikaona aibu kuitia katika bahasha, kwa kuwa ilikuwa ikimhusu mtu aliye hai, naye hajaisikia. Sharti nililowawekea wengine lilinihusu na mimi. Nikamwita Chiriku katika chumba cha vifaa vya michezo, ambacho ndicho ofisi yangu kwa sasa, akaketi juu ya mkeka wa kurukia, nami nikamsomea.

Alisikiliza mpaka nilipofika mahali nilipokuwa nimekuandikia kwamba mwanao aliuliza maswali ya haki, na kwamba hakujua, wala hakuna aliyeweza kujua, kwamba maji yanakuja. Hapo akainua mkono, kama afanyavyo darasani.

"Mjomba, hapo futa," akasema. "Nilijua."

Nilidhani anajilaumu, kama wafanyavyo wenye huzuni. Nikaanza kumwambia kwamba hakuna ajuaye ghaibu ila Mungu. Akanikatiza, na unajua hajawahi kunikatiza tangu azaliwe, ingawa wengine wote huwakatiza. Akanieleza kwa utaratibu. Siku ile, kabla ya kuandika tangazo lake, alikwenda darajani kwa mpima maji, yule anayetazama nguzo yenye alama na kupiga simu kwa wenzake wa juu ya mto. Alikwenda kwa sababu nimewafundisha wasiandike kabla ya kuuliza. Mpima maji akamwambia kwamba huko juu alama ya mwisho imekwisha kupitwa, na kwamba yatafika bondeni kesho au keshokutwa. Chiriku akamuuliza kama ana hakika. Mzee yule akamjibu kwamba maji hayali kiapo, ila yeye mwenyewe amekwisha kuwahamisha wanawe.

"Niliiandika," akaniambia. "Sentensi moja. Kisha nikaitoa."

Nikamuuliza kwa nini. Akachomoa uzi kwenye mkeka.

"Ilikuwa inalilegeza. Nilitaka tangazo liwe zuri, Mjomba. Nilitaka ulisome uridhike."

Ndugu yangu, nimeketi katika mabaraza mengi na nimewasikia wengi wakijitetea. Huyu hakujitetea, na neno lake lilinigeukia mimi. Maana nililisoma, na niliridhika. Kipi kimeachwa ni swali langu mwenyewe. Nilisimama mbele ya tangazo lile na sikuliuliza, kwa kuwa lilikuwa la mtoto wangu na lilipendeza.

Nilimuuliza nani mwingine ajuaye. Hakuna. Mpima maji hakuulizwa na yeyote, na Chiriku hakumwambia mtu hata barazani, kwa kuwa huko, alisema, walimuuliza juu ya alichoandika, hawakumuuliza juu ya alichokitoa. Kisha akasema kwamba jambo hilo liingie katika barua yako. Nikamwambia litaingia, lakini mama mzazi ataweza kungoja. Kuna mtu mwenye haki ya kulisikia kabla yako. Akasema analijua hilo. Nikamkumbusha, kwa kuwa ulikuwa wajibu wangu, kwamba mtu huyohuyo ndiye atakayeitwa barazani, na kwamba neno lake ndilo litakalomrudisha chuoni au kumtoa. Akajibu kwamba hilo pia analijua, na kwamba ndiyo sababu ameshindwa kulala.

Kesho yake asubuhi akaenda. Aliniomba nikae karibu, nami nikaketi kwenye dawati upande wa pili, nikijifanya kusahihisha. Mjane alikuwa akikunja nguo za wajukuu. Chiriku alisema yote akiwa amesimama, tangu darajani hadi ile sentensi aliyoitoa, wala hakuongeza sababu. Mjane hakuacha kukunja. Alimaliza rundo lote, akaliweka juu ya rundo jingine, akalinyoosha kwa viganja. Kisha akafanya kama ilivyo desturi ya ukumbi ule. Akamrudishia.

"Umesema ulijua maji yanakuja, ukatuficha ili maneno yako yapendeze."

"Ndivyo," Chiriku akasema.

"Basi umeeleweka."

Wa pande zote za madawati walisikia, maana kuta zile hazifichi kitu. Mjane akamwambia kwamba sentensi ile moja ingemtosha mumewe. Alikuwa mtu wa kuamini vipimo. Akamwambia pia kwamba barazani atasema haya yote kama alivyoyasikia, bila kupunguza wala kuongeza. Halafu akamwambia hili, ambalo nakuandikia kama lilivyotoka: "Sijakusamehe. Kesho njoo mapema, kuna karatasi ya dawa mpya, na mimi bado sina miwani."

Chiriku alikwenda kesho yake mapema, na siku zilizofuata. Nimengoja nione kama ataendelea, na ndiyo sababu barua hii imechelewa.

Sasa swali lako la pili. Atarudi nyumbani baraza likiisha kukutana, wakimbakiza au wakimtoa, kwa sababu ameniambia anataka kukueleza mwenyewe kwa kinywa chake, akiwa ameketi mbele yako. Baada ya hapo, ukisema aiache kalamu, mimi sitasimama mlangoni. Wewe ndiwe mama yake. Naomba tu usimwamulie kwa yale uliyoyasikia barabarani, wala kwa yale ambayo mimi mjomba wake nilitaka kukuandikia mwanzoni. Mwamulie kwa haya. Barua hii nimemsomea yote, hata mahali nilipokutania juu ya mchuzi, na ameirudisha kwangu bila tofauti. Alichofuta ni kimoja tu: nilikuwa nimeandika kwamba alilia. Alisema hilo lina kazi ya kukulainisha wewe.

Nami nina ombi moja kwako, la mtoto wa baba mmoja kwa mwenzake. Ukiketi kunijibu, usianze na hasira wala huruma, hata kama zote mbili unazo. Nirudishie kwanza ulichosikia. Kama kimekufika kingine nisichokusudia, nitarudi mezani, niandike tena.

Nisalimie shemeji, umwambie ngazi amwazimishe jirani na isirudi. Wabusu wadogo zake Chiriku kwa niaba yake. Niombee magoti yangu, na mwombee marehemu Fundi Redio, ambaye alirudi ndani kwa ajili ya vitu vya watu. Mungu akupe subira, na akufungulie kifua.

Ni mimi kaka yako,
Mjomba wake Chiriku